Vyuo viwili Marekani vinaniita, na baba anatafuta mnunuzi wa ng'ombe

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 19 kutoka Nandi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na kupata B- katika KCSE. Nakimbia mita 5,000, lakini zaidi ni mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Nilifika mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari nikamaliza wa nne, na tangu siku hiyo simu ya mama haijapumzika. Nasema ya mama kwa sababu yangu haina WhatsApp.

Vyuo viwili vya Marekani vinanitaka. Cha kwanza ni chuo kikuu kikubwa, Divisheni ya Kwanza, yaani daraja la juu la michezo ya vyuo vya huko, kile ambacho hata watoto wa kijijini kwetu huvaa fulana zake za mitumba bila kujua ni za wapi. Kocha msaidizi wao hutuma ujumbe wa sauti karibu kila wiki. Anasema nitapata ufadhili kamili, na kwamba siku hizi wanariadha wa vyuo hulipwa pesa za matangazo. Kocha mkuu sijawahi kumsikia. Nilipomwambia huyo msaidizi kwamba nataka kusomea uuguzi, alisema nianze na kozi yoyote, hayo mengine tutayaona nikishafika. Barua hajatuma.

Cha pili ni chuo kidogo, Divisheni ya Pili, katika tambarare za Texas. Nilitafuta mji wenyewe kwenye ramani nikaona barabara mbili na tangi la maji. Huko kocha mkuu mwenyewe alipiga simu ya video, akaomba kumsalimia mama, nikawa mkalimani wao kwa dakika 20. Ametuma barua: karo, chumba na chakula watalipa wao. Bima ya afya, vitabu na tiketi ya ndege ni juu yetu. Uuguzi upo. Kwenye timu kuna wasichana wawili wa Kenya.

Sasa shida yangu. Chuo kikubwa nilikipata kupitia wakala mmoja wa Eldoret, na anataka Sh180,000 ili "afungue faili". Anasema nafasi inafungwa mwisho wa mwezi. Baba amekubali. Kwake yeye chuo kidogo ni kama kurudishwa darasa. Ameanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wawili wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayowalipia wadogo zangu karo. Mwalimu wangu wa riadha yuko upande wa baba. Anasema nikienda kule Texas nitapotea, hakuna kampuni ya viatu itakayoniona. Kuna pia meneja wa kambi moja Iten anayesema niachane na vyuo vyote, anipeleke Ulaya kwenye mbio za barabarani. Na mwezi ujao kuna mbio za kilomita 10 mjini, mshindi anapewa Sh50,000. Wakala ameniambia nikimbie, nikishinda nimpunguzie deni.

Mama hasemi kitu. Ila jana usiku tukiosha vyombo aliniuliza, "Yule wa Texas amepiga tena?"

Nifanye nini, shangazi?

Msichana wa Viunzi, Nandi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ng'ombe, kwa sababu hao wakishapanda lori hawarudi. Wasiuzwe. Kocha msaidizi anatuma ujumbe kwenye simu ya mama yako kila wiki. Basi huyo wakala anafungua faili gani? Mlango ulishafunguka, nawe uko ndani unaongea na mwenye nyumba, halafu kuna mtu amesimama nje anadai ada ya kubisha hodi. Kocha wa Marekani hahitaji dalali wa Eldoret ili akupe nafasi kwenye timu yake. Gharama za kweli zipo, sikatai: pasipoti, usajili wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, katika ofisi yao inayohakiki wanariadha, Eligibility Center, dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wageni, dola 185 za maombi ya viza pale ubalozini Gigiri. Lakini kila moja unailipa wewe kwa ofisi husika, na risiti inatoka kwa jina lako.

Wapo watu wanaowasaidia vijana kujaza fomu na kudai malipo ya kazi hiyo, na si wote wezi. Huyu wenu simjui. Ninachojua ni kwamba "mwisho wa mwezi" ni lugha ya soko. Na baba yako, akiwa mtu wa huku kwetu, anakumbuka mwaka 2023, wazazi wa Uasin Gishu walipoandamana Eldoret juu ya pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Wengi wao walikuwa wameuza mashamba na mifugo. Mkumbushe, lakini kwa upole; nitalirudia la baba.

Zile mbio za kilomita 10 za mwezi ujao, usikimbie kwanza. Najua Sh50,000 ni pesa. Ila Divisheni ya Kwanza imekuwa ikimpa mhitimu wa sekondari mwaka mmoja wa kujipanga kabla ya kujiunga na chuo. Baada ya hapo, kila mwaka unaoshiriki mashindano rasmi unaweza kukukatia msimu mmoja kati ya minne uliyo nayo. Na pesa za zawadi huulizwa: ulichukua kiasi gani, kwa nani, kwa makubaliano gani. Divisheni ya Pili nao wana kanuni zao. Waulize makocha wote wawili kwa maandishi, "Nikikimbia mbio hizi na kupokea zawadi, nitaathirika vipi?", kisha usubiri jibu. Yule meneja wa Iten mwambie asante. Usitie sahihi yako kwenye karatasi yake yoyote, hata ile ya kupewa viatu, kwa sababu mkataba na meneja unaweza kukufungia mlango wa vyuo kabisa. Barabara za Ulaya na Marekani hazihami. Sharon Lokedi alipitia Chuo Kikuu cha Kansas kwanza, ndipo akaja kushinda New York Marathon 2022 na Boston 2025.

Sasa tuje kwenye sauti na karatasi.

Mimi niliondoka Eldoret mwaka 1995 na sanduku la kuazima. Kocha alikuwa ameniahidi kwa simu ya kibanda, nikiwa nimepanga foleni nyuma ya watu wanane, kwamba kila kitu kimelipwa. Nilipofika nikakuta "kila kitu" maana yake mwaka mmoja. Mwaka wa pili mfupa wa muundi ukaingia ufa, sikukimbia kuanzia Oktoba hadi Aprili, na Julai ikaja barua ya mistari mitatu kwamba ufadhili wangu umepunguzwa nusu. Hakuna aliyevunja sheria. Enzi zile ufadhili ulitolewa mwaka kwa mwaka, na mimi sikuwa nimeuliza. Kocha hakuwa hata mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa ananunua pointi za mashindano, na mwaka ule sikuwa na pointi za kumuuzia.

Ndiyo maana siwezi kukuruhusu upande ndege kwa ujumbe wa sauti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi ya ufadhili ni hati ya chuo, si ya kocha: ina jina lako, kiasi kwa dola, mwaka unaoanza na unaoisha, na sahihi ya ofisi ya fedha. Zamani kulikuwa pia na fomu ya kitaifa ya kukufunga na chuo, lakini NCAA iliifuta Oktoba 2024, kwa hiyo hati hiyo ya ufadhili ndiyo ngao yako peke yake. Baada yake inakuja I-20, karatasi ya chuo unayoombea viza ya mwanafunzi. Hiyo isome polepole. Upande mmoja inaonyesha gharama za mwaka, upande wa pili nani atazilipa: chuo kiasi hiki, familia kiasi hiki. Mtu akikuambia ufadhili ni kamili halafu I-20 inasema familia ilete dola 7,000, basi inayosema kweli ni I-20.

Uulize pia muda wa ufadhili. Mwaka 2015 ligi tano kubwa za michezo ya vyuo zilikubaliana kwamba chuo chao hakitamnyima mtu ufadhili kwa sababu tu mbio zake zimeshuka. Nje ya ligi hizo bado utakuta wa mwaka mmoja mmoja. Hata barua yako ya Texas uichungulie upya: imesema miaka minne, au imesema tu "mwaka wa masomo"? Kama ni mwaka mmoja, muulize kocha ni wanariadha wangapi aliwahi kuwakatia, na kwa nini. Usione haya. Yeye amekuuliza muda wako wa mita 5,000 mpaka sekunde ya mwisho.

Kwa chuo kikubwa kuna swali la ziada. Tangu makubaliano ya mahakama ya Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo havina tena ukomo wa idadi ya ufadhili, bali vina ukomo wa watu kwenye timu: mbio za nyika ni 17. Kocha anaweza kumwita msichana kutoka Nandi, mwingine kutoka Ethiopia na mwingine kutoka Uingereza, kisha Agosti akahesabu vichwa. Muulize kama jina lako limo ndani ya hao 17, na utakuwaje ukitoka nje. Na zile pesa za matangazo alizokutajia, zisahau. Viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi nje ya chuo kama wenzako Wamarekani; kazi yako halali ni ya ndani ya chuo, maktaba au jikoni, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kocha anayekutajia pesa hizo bila kutaja viza, ama hajui au hajali.

Uuguzi ndio ungenikosesha usingizi kama ningekuwa mama yako. Katika vyuo vingi vya Marekani uuguzi una milango miwili. Unaingia chuo, unasoma masomo ya msingi, anatomia, kemia, mikrobiolojia, kisha unaomba tena nafasi ya kuingia kwenye uuguzi wenyewe, na si kila anayeomba hupata. Ukishapata, unapelekwa wodini alfajiri, saa zile zile ambazo timu inakimbia. Na ukiwa na mbio Ijumaa jimbo jingine, hospitali haikungoji. Kwa hiyo "uuguzi upo" bado si jibu. Jibu ni kama yupo msichana aliyekimbia kwenye timu hiyo akamaliza uuguzi, na ratiba yake ilipangwaje. Chuo kikubwa kimeshakujibu kwa namna yake: "tutayaona ukifika." Mtu asiyekusomea ratiba leo, wakati anakubembeleza, hatakusomea Novemba ukiwa na mtihani wa anatomia na mbio za nyika wiki moja.

Mwalimu wako anasema utapotea kwenye tambarare za Texas. Mtajie Sally Kipyego. Huyo binti wa Marakwet alianzia South Plains College, chuo cha miaka miwili katika mji wa Levelland, Texas, mji ambao nao ungeukuta na tangi la maji. Kutoka hapo akahamia Texas Tech, jirani tu Lubbock, akatwaa mataji tisa ya NCAA na kutoka na shahada ya uuguzi. Mwaka 2012 akaleta fedha ya mita 10,000 kutoka Olimpiki ya London. Kama baba ni mpenzi wa zamani wa riadha, mtajie Peter Rono, bingwa wa mita 1,500 Seoul 1988, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo kule Emmitsburg, Maryland. Kampuni ya viatu husoma saa, haisomi fulana. Na huyo mwalimu, kwa heshima zote, kuna siku muulize kwa tabasamu kama wakala amemwahidi chai.

Kazi yako kubwa wiki hii ni wale wasichana wawili. Omba namba zao, uongee nao bila kocha, na uongee lugha ya nyumbani. Usiwaulize kama kocha ni mzuri, watasema ndiyo. Waulize Desemba mabweni yakifungwa wanalala wapi na wanakula nini. Waulize mmoja alipoumia nani alimpeleka hospitali na bima ililipa kiasi gani. Waulize kwenye mashindano ya ligi kocha aliwakimbiza mara ngapi. Mshindi wa kila mbio huleta pointi 10, wa pili 8, wa tatu 6, na kocha mwenye njaa ya pointi atakuweka mita 10,000 Alhamisi, viunzi Ijumaa na mita 5,000 Jumamosi, halafu akuite shujaa huku magoti yanalia. Kisheria mazoezi ya msimu hayazidi saa 20 kwa wiki na lazima kuwe na siku ya mapumziko; waulize kama siku hiyo ipo kweli. Wakinyamaza kidogo kabla ya kujibu, ukimya huo nao usikilize.

Waulize kuhusu kodi pia, kwa maana hili hakuna kocha anayelitaja. Sehemu ya ufadhili inayolipa karo na vitabu haikatwi kodi, lakini chumba na chakula, kwa mwanafunzi mgeni kutoka nchi kama yetu, hukatwa asilimia 14. Tuseme chumba na chakula ni dola 10,000 kwa mwaka: hapo dola 1,400 ni za serikali ya Marekani, na chuo kinaweza kukuletea hesabu hiyo katikati ya muhula. Ongeza bima, ambayo inaweza kufika dola 2,000 au kuzidi. Mwandikie kocha wa Texas akupe gharama zote ambazo chuo hakilipi, kwa mwaka mzima, pamoja na kodi, na kama kuna kazi ya chuoni ya kuzipunguza. Anayekupa tarakimu ngumu bila kuzunguka ni mtu unayeweza kufanya naye kazi.

Kwa kocha msaidizi wa chuo kikubwa andika barua pepe fupi, na nakala umpelekee kocha mkuu. Anwani yake iko kwenye tovuti ya chuo. Mshukuru. Mwambie una barua ya maandishi kutoka chuo kingine, na unaomba hati ya ufadhili, muda wake, nafasi yako kwenye timu na njia ya kuingia uuguzi. Mpe siku kumi. Akijibu kwa karatasi, nitakuwa wa kwanza kufurahi, na mtalinganisha mezani. Akijibu kwa ujumbe mwingine wa sauti, basi amejibu. Ukiniuliza leo, kwa ulichoniandikia, mimi nakuona Texas. Na hata chuo kikubwa kikileta karatasi nzuri ya pesa bila neno la uuguzi, bado nakuona Texas.

Baba. Usimwambie amekosea, na usimwambie mbele ya mwalimu. Ng'ombe wawili kwa mtu wa Nandi si jambo dogo. Kuwatoa kwa ajili ya binti ni mapenzi, na mapenzi hayo uyataje kwanza. Halafu muombe mambo mawili. Amuombe wakala barua ya chuo yenye jina lako kabla ya kutoa shilingi, hilo mwanamume yeyote anayenunua shamba angelifanya. Na akae na wewe siku kocha wa Texas atakapopiga, amuulize mwenyewe anachotaka. Nadhani kinachomuuma ni kwamba yule Mzungu aliongea na mama dakika 20 naye hakuwepo. Kama ana kaka anayemsikiliza, ami yako akaribishwe chai siku hiyo hiyo.

Na ikifika mahali pa kuuza, auzwe mmoja, kwa ajili ya tiketi, baada ya viza kugongwa kwenye pasipoti. Mwingine abaki na wadogo zako.

Mama yako amekujibu zamani, ila kwa njia ya kuuliza. Yule wa Texas akipiga tena, mpe yeye simu kwanza, halafu baba.